Molière: Gwiji wa vichekesho aliyejua kuwa akiba haiozi

MCHEZO wa kuigiza unapoanguka jukwaani, watunzi wengi huuzika pamoja na aibu yake. Jean-Baptiste Poquelin, Mfaransa ambaye ulimwengu unamjua kwa jina la Molière, alikuwa na desturi nyingine. Mchezo ukianguka aliubomoa kama fundi abomoavyo nyumba kuukuu, akaweka kando mbao zilizo nzima, akangoja siku ya kujenga tena.

Wasomaji wa Kiswahili wenye umri wa kutosha watamkumbuka kwa tamthilia ya Mchuuzi Mwungwana, iliyotafsiriwa na A. Morrison na kuchapishwa mwaka wa 1961. Wapo pia waliosoma Tabibu Asiyependa Utabibu, au Mnafiki. Wengi walioangua vicheko kwa kazi hizo hawakuambiwa kwamba baadhi ya visa vya mtunzi huyu vilikuwa vimekwisha kuchekesha watu tayari, katika miji mingine na kwa majina mengine, miaka mingi kabla ya kuingia katika tamthilia tunazozijua.

Maisha yake yanafaa kusimuliwa upya hasa katika mitaa kama Kiembeni, huku Kisauni, upande wa bara wa Mombasa, ambako vijana huandika vichekesho vya sherehe, vya tamasha za shule na vya kutazamwa kwenye simu za mkononi. Kichekesho huandikwa Jumatatu, kikaigizwa Jumamosi, na ifikapo Jumapili hakuna ajuaye karatasi ilipo. Simu ikipotea, kazi ya mwaka mzima imekwenda nayo. Na mtunzi anayethubutu kurudia kisa kilichowahi kuchekesha huambiwa ameishiwa. Molière aliambiwa hivyo pia, na watu waliosoma kuliko sisi.

Alibatizwa jijini Paris tarehe 15 Januari 1622. Baba yake, Jean Poquelin, alikuwa fundi wa mapazia na viti vya vitambaa, naye mwaka wa 1631 alijipatia cheo cha kuhudumia samani za mfalme, kazi ambayo pamoja na mengine ilihusu kutandika kitanda cha mtukufu huyo. Mama yake, Marie Cressé, alifariki mwaka wa 1632, mtoto akiwa na umri wa miaka kumi. Kijana akasomeshwa katika chuo cha Wajesuiti cha Clermont, na mwaka wa 1637 akaapishwa kuwa mrithi wa cheo cha babake. Riziki ilikuwa imekwisha kupangwa.

Aliikataa. Mwaka wa 1643, akiwa na umri wa miaka 21, alijiunga na mwigizaji Madeleine Béjart na wenzao kadhaa wakaunda kikundi walichokiita Illustre Théâtre, yaani tamthilia tukufu. Utukufu ulikuwa katika jina tu. Ukumbi ulikodishwa kwa fedha za mkopo, watazamaji hawakuja, na mwaka wa 1645 kijana huyo, ambaye sasa alikuwa amejipa jina la Molière, alitiwa kifungoni kwa siku chache kwa sababu ya madeni. Alipotoka, aliondoka Paris pamoja na Madeleine, wakajiunga na kikundi kingine cha wasafiri.

Walizunguka mikoani kwa muda wa miaka 13. Wanahistoria wengi huipita miaka hiyo mbio ili wafike kwa mfalme upesi, na kwa maoni yangu hilo ni kosa, kwani ghala la Molière lilijazwa huko.

Katika mji wa Lyon na miji ya kusini, Wafaransa hao walikutana na uigizaji wa Waitaliano. Waigizaji wa Kiitaliano wa zama hizo hawakuwa na mswada uliokamilika. Nyuma ya jukwaa palibandikwa karatasi yenye muhtasari wa kisa: nani anaingia, anamdanganya nani, anatokaje. Yaliyobaki yalitoka katika hazina ya kila mmoja. Wengi walikuwa na madaftari yao walimohifadhi malalamiko ya mpenzi aliyekataliwa, mahubiri ya baba bahili, majivuno ya askari mwoga, pamoja na vituko vya mwili vya kuchomekwa popote mchezo unapopoa. Daftari hilo lilikuwa mali, kama nyavu kwa mvuvi. Muhtasari ulibadilika kila juma. Daftari liliandamana na mwenyewe maisha yake yote.

Molière aliiga utaratibu huo kwa Kifaransa. Kikundi kilikuwa kikiigiza tanzia ndefu za watu wengine, kisha kufunga jioni kwa vichekesho vifupi. Viwili kati ya vichekesho vinavyohesabiwa kuwa vyake vimetufikia. Kimoja chahusu mtumishi Sganarelle anayejifanya tabibu ili kumsaidia bwana wake kumpata binti aliyejitia mgonjwa. Kingine chahusu mume mwenye wivu anayemfungia mkewe nje usiku. Mke anajifanya kujiua, mume anatoka kwa hofu ili atazame, na mke anaingia ndani na kufunga mlango. Sasa aliye nje ni mume.

Kisa hicho cha mlango hakikuwa kipya hata wakati ule. Mwitaliano Boccaccio alikuwa amekisimulia katika karne ya 14. Mchezo mrefu wa kwanza wa Molière, ulioigizwa Lyon mnamo mwaka wa 1655, nao ulijengwa juu ya kazi ya Mwitaliano Niccolò Barbieri.

Tarehe 24 Oktoba 1658 kikundi kilisimama mbele ya Mfalme Louis wa 14 katika jumba la Louvre. Kilianza na tanzia ya Corneille, nayo haikuwagusa sana wakuu waliokuwapo. Ndipo Molière alipoomba ruhusa ya kuonyesha kimojawapo cha vile vichekesho vyake vya mikoani, kuhusu tabibu aliyeshikwa na mapenzi. Mfalme, kijana wa miaka 20, alicheka. Kikundi kikapewa ukumbi wa Petit-Bourbon, kwa zamu na Waitaliano wa mchekeshaji mashuhuri Tiberio Fiorilli. Kile ambacho wajuzi wa Paris wangekiita upuuzi wa mashambani ndicho kilichofungua mlango ambao tanzia ilishindwa kuufungua.

Ufanisi ulikuja haraka. Mchezo wake wa mwaka wa 1659 kuhusu wasichana wawili wanaojitia ustaarabu ulimpatia jina jijini. Mwaka wa 1661 kikundi kikahamia ukumbi wa Palais-Royal, na huko Molière akaleta kazi aliyoitarajia mno: Dom Garcie de Navarre, mchezo wa heshima kuhusu mwana wa mfalme mwenye wivu.

Ulianguka vibaya. Baada ya maonyesho saba uliondolewa, na Molière hakuwahi kuuchapisha maisha yake yote.

Hapa ndipo tunapomwona mtunzi alivyokuwa. Mwaka wa 1666 alionyesha Le Misanthrope, tamthilia kuhusu Alceste, mtu anayechukia unafiki wa wanadamu na bado akampenda mwanamke asiyeweza kuishi bila kusifiwa na kila mtu. Katika kitendo cha nne Alceste anamkabili mwanamke huyo kwa sababu ya barua inayomtia shaka. Sehemu kubwa ya ukali wake katika mazungumzo hayo ilitolewa katika Dom Garcie, mistari mingi ikiwa haikubadilishwa ila kidogo. Mistari mingine ya mchezo huo ulioanguka ilipata makao katika kazi zake nyingine.

Maneno yaliyowachosha watu mwaka wa 1661 yakawa miongoni mwa maneno yanayosifiwa zaidi katika lugha ya Kifaransa. Kilichobadilika ni msemaji. Mwana wa mfalme anapolia kwa wivu kwa sauti ya kishujaa, mtazamaji anangoja amalize. Maneno yale yale yakitoka kwa mtu aliyekwisha kujitangaza kuwa anachukia udhaifu wa wengine, mtazamaji anacheka na kumhurumia kwa pamoja. Wazo lilikuwa zima tangu mwanzo. Lilikuwa limevishwa nguo za mtu mwingine.

Alifanya hivyo pia na kisa cha mlango. Mnamo Julai 1668, katika sherehe za mfalme huko Versailles, mume aliyefungiwa nje alirudi jukwaani kwa jina la George Dandin. Hila ya mke, kisu cha uongo, giza, mlango, vyote vilikuwapo. Lakini sasa mume huyo alikuwa mkulima tajiri aliyetumia fedha zake kuoa binti wa ukoo wa kifahari uliofilisika. Kila anapokuwa na haki, wakwe zake wanamlazimisha kuomba radhi kwa kuwa yeye si wa daraja lao. Kituko cha dakika chache kimekuwa habari ya mtu aliyenunua dharau kwa mali yake mwenyewe. Watu walicheka Versailles, ingawa sidhani kila aliyecheka alikwenda kulala akiwa mtulivu.

Matabibu nao hakuwaacha kamwe. Sganarelle yule wa mikoani aliendelea kurudi, na Molière mwenyewe ndiye aliyemwigiza. Mara alikuwa mume, mara baba, mara mtumishi, na kwa jumla jina hilo limo katika michezo saba. Watazamaji wa Kenya hawahitaji kuelezwa jambo hili. Benson Wanjau, aliyefariki mwaka wa 2015, alimwigiza Mzee Ojwang' katika Vitimbi kwa miaka mingi, na hakuna aliyelalamika kwamba ni Ojwang' tena. Mhusika anayejulikana humpunguzia mtunzi kazi ya utangulizi, kwani kicheko huanza mara tu anapochungulia mlangoni.

Mnamo Septemba 1665 mfalme aliagiza burudani, na Molière akaeleza baadaye kwamba mchezo ulibuniwa, ukaandikwa, ukakaririwa na kuigizwa kwa siku tano. Ulikuwa L'Amour médecin. Msichana anajitia mgonjwa, na mpenzi wake anaingia nyumbani akiwa amevaa joho la tabibu. Miaka minne kabla yake alikuwa ametunga na kutayarisha mchezo mwingine kwa siku 15, kwa ajili ya karamu ya waziri wa fedha Fouquet. Mtu anaweza kustaajabia kipaji hicho, na ni haki yake. Lakini mtunzi aliyeanza siku ya kwanza bila kitu ghalani asingefika siku ya tano. Msichana aliyejitia mgonjwa na tabibu wa uongo walikuwa wamengoja tangu mikoani.

Mwaka uliofuata, mwezi Agosti, ikaja Tabibu Asiyependa Utabibu. Kwa wasioijua, mkata kuni anampiga mkewe, naye mke analipiza kisasi kwa kuwaambia wapita njia kwamba mumewe ni tabibu bingwa asiyekubali cheo chake mpaka apigwe fimbo. Asili yake ni hadithi ya Kifaransa ya zama za kale. Daftari la mapato la kikundi linaonyesha kwamba katika miaka ya 1661 na 1663 kulikuwa na kichekesho kifupi kilichohusu mkata kuni, na wataalamu wengi huamini kuwa ndicho kiini cha tamthilia hiyo. Molière alichukua mkata kuni wake, akamkutanisha na yule msichana anayejitia mgonjwa, ambaye safari hii amejifanya bubu. Vitu viwili vya zamani vikaungana, na mshono hauonekani.

Hakuokota visa peke yake. Mwigizaji mwenzake Louis Béjart alichechemea, basi katika mchezo wa bahili wa mwaka wa 1668 mtumishi anayetukanwa anachechemea pia. Molière mwenyewe alisumbuliwa na kikohozi kilichomdhoofisha, naye akamwandikia bahili Harpagon kikohozi. Wapinzani walipomshambulia kwa sababu ya mchezo wake wa mwaka wa 1662 kuhusu malezi ya wake, alikusanya lawama zao akazifanya mchezo mwingine mwaka wa 1663, na watu wakalipa kiingilio kusikiliza jinsi alivyotukanwa.

Swali la wizi haliepukiki, na sioni sababu ya kulikwepa. Mnamo Mei 1671 Molière alionyesha Les Fourberies de Scapin, mchezo kuhusu mtumishi mjanja. Mpango wake wa jumla ulitoka kwa Mroma Terence. Kituko cha mzee anayeingizwa guniani na kuchapwa viboko kilikuwa kimekaa ghalani kwa angalau miaka kumi, kwa kuwa daftari la mapato lataja kichekesho cha gunia mwaka wa 1661. Ila mandhari maarufu kuliko zote, ile ya baba bahili anayeambiwa kwamba mwanawe ametekwa kwenye merikebu ya Waturuki naye akabaki kuuliza tena na tena alikwendea nini huko, ilikuwa imo tayari katika mchezo wa Cyrano de Bergerac uliochapishwa mwaka wa 1654.

Grimarest, aliyeandika maisha ya Molière mwaka wa 1705, asimulia kwamba mtunzi alijitetea kuwa anachukua tu kilicho chake, ambacho Cyrano alikipata kwake walipokuwa vijana. Ni utetezi mzuri mno, nami siutegemei sana. Cyrano alikuwa amekufa tangu mwaka wa 1655, hakuweza kujibu. Lililo wazi ni kwamba kutumia tena kazi yako na kutumia kazi ya jirani si jambo moja, hata kama zama hizo zililitazama la pili kwa jicho la upole kuliko zama zetu.

Mshairi Boileau, rafiki yake, aliudhika kwa sababu nyingine. Katika shairi lake la mwaka wa 1674 kuhusu sanaa ya ushairi alilalamika kwamba ndani ya gunia la Scapin hawezi kumtambua mtunzi wa Le Misanthrope. Kwa maoni yangu Boileau alikosea. Mtunzi alikuwa yule yule, kwa kuwa Le Misanthrope nayo ilishonwa kwa vitambaa vilivyobaki. Tofauti ni kwamba mabaki ya mwana wa mfalme yalimridhisha mjuzi, na gunia halikumridhisha.

Kulikuwa na sababu nyingine ya kutotupa kitu, nayo haikuwa ya kisanaa. Kikundi kizima kilikula kutokana na mapato ya mlangoni, na mchezo uliweza kuzuiwa wakati wowote. Mnafiki, uliomkejeli mtu anayejifanya mcha Mungu, ulionyeshwa mara ya kwanza Versailles tarehe 12 Mei 1664, ukapigwa marufuku kwa umma. Molière aliulainisha, akabadilisha kichwa na jina la mhusika, akaurudisha tarehe 5 Agosti 1667. Kesho yake ukafungwa. Ruhusa kamili ilipatikana tarehe 5 Februari 1669, baada ya karibu miaka mitano. Katikati ya balaa hiyo, mwanzoni mwa mwaka wa 1665, alionyesha Dom Juan mara 15, ukatoweka jukwaani naye hakuurudisha tena. Mtu aliyeweza kunyang'anywa mchezo kwa usiku mmoja alihitaji mwingine karibu.

Madeleine Béjart, aliyeanza naye safari, alifariki tarehe 17 Februari 1672. Mwaka mmoja baadaye, siku hiyo hiyo, Molière aliigiza kwa mara ya nne Le Malade imaginaire, mchezo wake mpya kuhusu mtu mzima anayejidhania mgonjwa. Ndani yake mtumishi anajivika joho la tabibu, hila ile ile ya mikoani. Wakati wa onyesho alishikwa na mtukutiko. Alipelekwa nyumbani kwake katika barabara ya Richelieu, akakata roho usiku huo, akiwa na umri wa miaka 51. Kwa kuwa alikuwa mwigizaji na hakuwahi kukutana na kasisi, parokia ilikataa kumzika. Mjane wake, Armande Béjart, alimwendea mfalme, na hatimaye askofu mkuu akaruhusu azikwe usiku, bila fahari, tarehe 21 Februari.

Miswada yake imepotea yote. Hakuna ukurasa hata mmoja wa mchezo ulioandikwa kwa mkono wake unaojulikana kubaki. Kuna sahihi zake chache tu kwenye hati za kisheria.

Tuliyo nayo tumeyapata kwa kiasi kikubwa kwa sababu ya mwigizaji mmoja mpole, Charles Varlet de La Grange, aliyejiunga na kikundi mwaka wa 1659. Tangu mwaka huo hadi 1685 aliandika katika daftari lake mchezo gani ulionyeshwa siku gani na fedha ngapi ziliingia. Ndilo daftari lililotajwa humu mara kadhaa, nalo lingalipo katika hifadhi ya Comédie-Française, kikundi cha taifa kilichoundwa mwaka wa 1680. Mwaka wa 1682, La Grange akishirikiana na Vivot alichapisha kazi za Molière katika mabuku manane. Humo Dom Garcie ulichapwa kwa mara ya kwanza, miaka 21 baada ya kuanguka, na wasomaji wakaweza kuona Alceste alikotoka. Dom Juan nao ulimo.

Vile vichekesho viwili vya mikoani, cha tabibu wa uongo na cha mume aliyefungiwa nje, vilingoja hadi mwaka wa 1819 ndipo vikachapishwa. Kile cha tabibu mpenzi, kilichomchekesha mfalme pale Louvre, hakimo katika mabuku manane. Wahariri walieleza kwamba Molière alikuwa amekitunga juu ya mawazo machache ya mzaha bila kukikamilisha, akaona heri kisitolewe.